VINYWELEO VYA JANI NA NZI WA MTAMA



Twaa jani la alizeti, ulipapase. Linakwaruza. Kinachokwaruza ni vinyweleo, mfano wa malaika yaliyo juu ya ngozi ya mkono wako. Mtama nao huweza kuwa navyo, ila ni vidogo mno hata kidole hakivitambui. Yataka kioo cha kukuzia. Mbegu nyingine zinavyo upande wa chini wa jani, nyingine hazina kabisa.

Sasa mtazame adui. Nzi wa mtama ni mdogo kuliko nzi wa nyumbani. Jike hutaga mayai meupe, marefu kidogo, upande wa chini wa jani la mche wenye umri wa wiki moja hadi nne. Baada ya siku mbili hivi funza hutoka, hutambaa mpaka moyo wa mche na kuukata. Jani la katikati hukauka, na majani ya pembeni hubaki mabichi. Ukilivuta hilo lililokauka hung'oka kwa urahisi, nalo hunuka uvundo. Wengi husema ni jua. Si jua, jua halichagui jani moja.

Hapa Bahi mvua ni za msimu mmoja, tena chache. Mwenye kupanda upya mwezi Januari mtama wake hukuta mvua zinakwisha. Mche uliokufa moyo huweza kutoa machipukizi ya pembeni, lakini hayo hukomaa kwa kuchelewa, wakati ndege wamekwisha kujua njia ya shambani.

Wataalamu wa ICRISAT huko India walichunguza jambo hili tangu miaka ya 1970. Waliona kwamba nzi hutaga mayai machache zaidi kwenye mtama wenye vinyweleo chini ya jani. Kwa pamba habari hii ni ya zamani zaidi: Ukiriguru, mkoani Mwanza, zilizalishwa mbegu zenye majani ya manyoya zinazostahimili wadudu wafyonzao waitwao jasidi. Lakini manyoya si dawa ya kila kitu, maana nzi weupe huyapenda majani hayo hayo ya pamba.

Utauliza, nani huamuru vinyweleo viote? Kwanza ni mbegu yenyewe. Pili ni homoni, yaani kemikali ambazo mmea hujitengenezea kwa kiasi kidogo sana ili kupeleka amri mwilini mwake. Mojawapo ni jibereli, iliyogunduliwa Ujapani katika mpunga uliorefuka ovyo kwa ugonjwa wa ukungu. Nyingine ni asidi ya jasmoni, ambayo huongezeka jani linapotafunwa. Katika mmea mdogo wa jamii ya haradali, hizi mbili zikikutana vinyweleo huzidi kuliko kila moja ikifanya kazi peke yake. Ya tatu, asidi ya salisili, ambayo mmea huitumia kupigana na magonjwa, huipinga ile ya jasmoni na kuvipunguza. Ni kama nyumba yenye akiba moja: ukinunua mkuki, ngao itasubiri.

Angalia lakini: vinyweleo hivyo vya ziada huota kwenye majani mapya, si kwenye lile lililokwisha kukua. Tena majaribio hayo hayakufanywa kwa mtama. Na hata kama mtama ungefanya vivyo hivyo, funza akishafika moyoni majani mapya yatatoka wapi? Kwa hiyo usiungoje mche ujitetee. Ulinzi wa kutegemea ni ule uliomo ndani ya mbegu tangu mwanzo.

Basi, kabla ya kununua mbegu, muulize Afisa Ugani wako au kituo cha utafiti cha TARI Hombolo ni ipi inayostahimili nzi huyu. Panda mara mvua za kwanza zinapotosha, na upatane na jirani zako mpande pamoja, kwa sababu nzi huzaliana katika mashamba ya mwanzo kisha huhamia ya nyuma. Weka mbegu nyingi kidogo katika shimo. Usiharakishe kupunguza miche. Ngoja uione iliyokufa moyo, uing'oe hiyo kwanza, uichome au uifukie chini sana. Usiwape ng'ombe wala mbuzi: mtama mchanga una sumu iwezayo kuua mnyama upesi.