Har-Magedoni: Maana Yake Nini?

(Somo: Waamuzi 4–5, 2 Wafalme 23:29–30, Ufunuo 16:12–16)

Kila vita vikuu vitokeapo, wako watu wasemao, "Hii ndiyo Har-Magedoni," na Wakristo wengi hutiwa hofu. Basi yatupasa kulichunguza neno hili.

Kwa Kiebrania "har" ni mlima. Wengi hulifasiri jina hili kuwa Mlima wa Megido. Lakini Megido si mlima. Ni kilima tu, kilichofanyika kwa magofu ya miji iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, kando ya bonde la Yezreeli. Njia kuu ya kutoka Misri kwenda Shamu ilipita hapo, kwa hiyo majeshi yalipigana hapo mara nyingi.

Kwanza, penye maji ya Megido Mungu alimwangusha Sisera, mwenye magari 900 ya chuma. Mto Kishoni uliwachukua watu wake, na Debora akaimba. Pili, huko Megido Farao Neko alimwua Yosia, mfalme mcha Mungu, mwaka 609 kabla ya Kristo. Hata Zekaria, alipotaka kuonyesha maombolezo makuu, alilitaja bonde la Megido (Zekaria 12:11). Basi mahali pamoja pana wimbo na pana kilio. Tusipime haki ya mtu kwa kushinda kwake, wala kwa kufa kwake.

Yohana naye hakutupa ramani wala tarehe. Mwezi wa Septemba 1918 jeshi la Jemadari Allenby liliwashinda Waturuki karibu na Megido. Walakini mwisho haukuja. Tena angalieni: katika sura ya 16 wafalme wanakusanyika, lakini vita vyenyewe havielezwi. Na katika sura ya 19 Bwana anashinda kwa upanga utokao kinywani mwake, ndio neno lake. Ushindi si wa magari, kama vile siku za Sisera.

Na katikati ya habari hiyo ya kutisha Bwana anamwita heri yeye akeshaye na kuyatunza mavazi yake. Vazi letu ni Kristo, tuliyemvaa katika ubatizo (Wagalatia 3:27).

Basi, mwalimu, ukiulizwa katika usharika wako, "Vita vile vitapiganwa wapi, na lini?" umrudishie mwulizaji swali lililo kubwa zaidi: "Je, wewe unakesha? Na vazi lako unalo?"