Mtoto na Ndege: Utaonyesha Nini?

Wasomaji wenzangu, hapa Kenya mtu hupewa kitambulisho akitimiza miaka 18. Sasa sisi wa Kidato cha Tatu, tukikatiwa tikiti ya ndege kutoka Nairobi hadi Mombasa, tutajitambulisha kwa nini?

Kwa safari ya humu nchini, kwa kawaida ni cheti cha kuzaliwa. Majina ya kwenye cheti na ya kwenye tikiti lazima yalingane. Ukiandikisha "Shiko" na cheti kinasema Wanjiku, umejitafutia maneno. Na jamani, ile karatasi ya hospitali au ya naibu wa chifu si cheti! Hiyo ni taarifa tu ya kuzaliwa, ambayo mzazi huipeleka kwa msajili kuombea cheti chenyewe. Wazazi wengi huikunja wakaitia sandukuni wakidhani kazi imekwisha. Kuzaliwa kusiposajiliwa ndani ya miezi 6, huhesabiwa kuwa kumechelewa, na hapo mzunguko huongezeka.

Ukienda Dubai au London, cheti hakitoshi. Hata mtoto wa kupakatwa huwa na pasipoti yake, na kuiomba kwataka idhini ya wazazi.

Wengine husema huku ni kusumbuliwa bure. Mimi sioni hivyo. Wezi wa watoto wapo, na karatasi ndiyo inayouliza huyu ni wa nani. Ndiyo maana mdogo akisafiri peke yake, kampuni za ndege humjazisha mzazi fomu yenye jina la mpokeaji, naye mpokeaji huonyesha kitambulisho kabla ya kukabidhiwa mtoto. Umri wa huduma hiyo hutofautiana kwa kila kampuni, kwa hivyo ulizeni mapema mnapokata tikiti.