SOMO LA 14: CHATI YA NASABA

Katika somo lililopita tuliona kwamba viumbe hai hurithi sifa za wazazi wao. Mbuzi huzaa mbuzi, na punje ya hindi huota mhindi. Lakini baba na mama wenye ngozi nyeusi huweza kumzaa mtoto mwenye ualbino, ambaye ngozi, nywele na macho yake yana rangi kidogo sana. Je, sifa hiyo imetoka wapi? Watu wengine hutaja laana, na wengine humlaumu mama. Sisi tutatafuta jibu kwa penseli na karatasi.

Chati ya nasaba ni mchoro unaoonyesha vizazi vya ukoo mmoja. Mwanamume huchorwa kwa mraba, mwanamke kwa duara. Mstari mlalo huunganisha mume na mke, na mstari unaoshuka kutoka kwao huelekea kwa watoto wao. Alama ya mtu mwenye sifa tunayoichunguza hutiwa weusi.

Chora ukoo huu wa mfano katika daftari lako. Kizazi cha I ni babu na bibi wazaa baba, upande wa kushoto, na babu na bibi wazaa mama, upande wa kulia. Wote wanne hawana ualbino. Ziache alama zao wazi. Katika kizazi cha II, wale wa kushoto wana watoto wawili: baba na shangazi. Shangazi ana ualbino, kwa hiyo duara lake litie weusi. Wale wa kulia wana mtoto mmoja, mama. Kizazi cha III ni watoto wa baba na mama: wavulana wawili wasio na ualbino, na Neema, mwenye ualbino.

Sasa tuusome mchoro. Maagizo ya kutengeneza rangi ya ngozi hubebwa na vinasaba. Kwa kila agizo mtoto hupokea kinasaba kimoja kutoka kwa baba na kimoja kutoka kwa mama. Kimoja kikifanya kazi, rangi hupatikana. Kile kisichofanya kazi hubaki kimefichika. Ualbino hutokea mtoto anapopokea viwili visivyofanya kazi.

Mtazame shangazi. Alipokea viwili, basi babu na bibi wa kushoto kila mmoja alibeba kimoja. Neema pia amepokea viwili: kimoja cha baba, kimoja cha mama. Upande wa mama hakuna alama nyeusi hata moja, kwa sababu kinasaba hicho huweza kupita vizazi vingi bila kuonekana. Wanaosema kwamba Neema si mtoto wa baba yake, au kwamba sifa hii imeletwa na mama peke yake, hawakuusoma mchoro. Wazazi hawa wamechangia sawasawa, na kila mtoto watakayemzaa ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa na ualbino. Nchini Tanzania hukadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila watu 1,400 hivi ana ualbino.

Neema hujifunza kama wenzake. Ngozi yake huumizwa upesi na jua, kwa hiyo huvaa kofia pana na mikono mirefu. Haoni mbali vizuri. Hukaa karibu na ubao.

Wafugaji nao huchora chati kama hii, ili dume asipandishwe kwa binti zake, na vinasaba vilivyofichika vikakutana.

Mazoezi
1. Kwa nini hatuwezi kujua kwa kuwatazama tu kama kaka zake Neema wamebeba kinasaba kilichofichika?
2. Je, ni lazima babu na bibi wazaa mama wote wawili wawe wamebeba kinasaba hicho? Eleza.
3. Chora chati ya vizazi vitatu vya mbuzi, sungura au kuku wa nyumbani au wa jirani. Chagua sifa moja, kama vile rangi.