Upendeleo Unaoonekana na Imani ya Wananchi kwa Mahakama

Watahiniwa wengi wakiulizwa kwa nini hakimu hujitoa katika kesi, huandika: "Kwa sababu amepokea rushwa." Jibu hilo halikupi alama. Aliyepokea rushwa ametenda kosa la jinai, na kujitoa hakumsafishi. Mada hii inahusu hakimu ambaye huenda ni mwadilifu kabisa, ila mazingira yake yanamtia mtu wa kawaida shaka.

Ielewe vizuri kesi ya Sussex, Uingereza, ya mwaka 1923. Mwendesha pikipiki aitwaye McCarthy alishtakiwa kwa kuendesha kwa hatari baada ya ajali. Mahakimu walipoingia faragha kujadili uamuzi, karani wao aliingia nao, ili awashauri kuhusu sheria wakihitaji. Kumbe ofisi yake ya uwakili ndiyo iliyokuwa ikimdai McCarthy fidia kwa niaba ya mtu aliyegongana naye! Mahakimu hawakumuuliza neno, naye hakusema lolote. McCarthy akatiwa hatiani, akatozwa faini. Hata hivyo, mahakama ya juu ilitengua hukumu hiyo. Zingatia: hakuna aliyethibitisha kwamba karani aliwashawishi mahakimu. Ilitosha kwamba mtu aliyebaki nje ya mlango angekuwa na sababu ya kushuku. Jaji Mkuu Hewart alisisitiza kuwa haki itendeke, na pia ionekane wazi kuwa imetendeka.

Kanuni hii haiogopi cheo. Desemba 1998, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilifuta uamuzi wake yenyewe kuhusu Augusto Pinochet, aliyekuwa rais wa Chile. Jaji mmoja, Hoffmann, alikuwa mkurugenzi wa taasisi iliyofungamana na Amnesty International, shirika lililoshiriki katika kesi hiyo. Mwaka 1999 rufani ilisikilizwa upya na majaji wengine.

Lakini si kila shaka inatosha (hapa ndipo majibu mazuri huharibika). Kipimo ni mtu mwenye busara anayeyajua mazingira ya kesi, si mdaawa mwenye hasira za kushindwa. Hakimu akijitoa kwa kila lalamiko, wadaawa watakuwa wanajichagulia hakimu.

Kwetu Tanzania, taja Ibara ya 107B ya Katiba, inayohusu uhuru wa mahakama, na Ibara ya 13(6)(a), inayohusu haki ya kusikilizwa. Kisha eleza imani inaleta nini: aliyeshindwa kesi ya shamba hukubali kuhama akiamini alisikilizwa. Asipoamini, huenda akachukua panga.

Swali la kujipima
Hakimu anasikiliza kesi ya mpaka wa shamba. Mdai ni mkwe wake. Mdaiwa hajui, na hakimu ana hakika ataamua kwa haki. Je, aendelee? Toa sababu tatu. (Alama 15)