Wasanii na Kupanda kwa Hadhi ya Mtaa

Mwaka 1964 Ruth Glass, mtaalamu wa elimu ya jamii, alieleza badiliko lililotokea katika jiji la London: watu wenye kipato cha kati walihamia mitaa ya wafanyakazi, nyumba zikakarabatiwa, na wenyeji wakalazimika kuhama. Je, wasanii wana nafasi gani katika badiliko kama hilo? Mfano mzuri ni mtaa wa SoHo, New York.

Historia ya SoHo

Baada ya Vita Kuu ya Pili, viwanda na maghala mengi yaliondoka SoHo. Majengo yaliyobaki yalikuwa na ghorofa pana, madirisha makubwa na kodi ndogo. Katika miaka ya 1960 wachoraji na wachongaji waliyapanga yawe karakana, na wengi wakaishi humo humo ingawa sheria ilikataza. Mwaka 1971 jiji liliwaruhusu wasanii waliothibitishwa kuishi huko. Zikafuata nyumba za maonyesho ya sanaa, migahawa, maduka ya fahari na, hatimaye, matajiri. Kodi ikapanda. Viwanda vidogo vilivyosalia vikaondoka pamoja na ajira zake, na wasanii wengi waliokuwa wapangaji wakahama pia. Walionufaika ni wale walionunua ghorofa zao mapema, baadhi yao kwa ushirika.

Sababu zake

Mwaka 1979 Neil Smith, mtaalamu wa jiografia, alieleza kuwa kiini ni pengo la kodi, yaani tofauti kati ya kodi itokayo katika ardhi sasa na ile ambayo ingepatikana kwa matumizi bora zaidi. Ichukuliwe kuwa jengo hutoa shilingi 100, nalo lingeweza kutoa 400: pengo ni shilingi 300. Pengo likiwa kubwa, wenye mitaji huvutwa.

Kwa hiyo msanii si chanzo pekee cha badiliko. Kazi yake huupa mtaa sifa na kudhihirisha thamani iliyofichika, lakini mavuno humwendea mwenye milki. Asiyemiliki chochote huweza kufukuzwa na uzuri alioujenga kwa mikono yake mwenyewe.

Maswali

1. Kwa nini kodi ya SoHo ilikuwa ndogo hapo awali?
2. Jengo hutoa shilingi 250, nalo lingeweza kutoa 900. Tafuta pengo la kodi.
3. Jadili: ushirika wa wapangaji waweza kuwalindaje wenyeji wa mtaa?