Lori la Debe

Swali: Msomaji wa Handeni anataka kuunda lori dogo nyumbani kwa vyuma chakavu. Aanzie wapi?

Jibu: Aanze na futi kamba. Malori yanasimama Segera, barabara ya Chalinze inapogawanyika kwenda Tanga na Korogwe. Amwombe dereva ruhusa, apime. Kwa uwiano wa 1:20, upana wa mita 2.5 unakuwa sentimita 12.5.

Bodi aikate kwenye debe la mafuta ya kula, maana hushika risasi ya kulehemu vizuri. Kopo la soda ni alumini, risasi haishiki. Bati la kuezekea asilichome: moshi wa zinki huleta homa.

Uzuri wenyewe uko kwenye springi! Mikanda ya chuma ya kufungia mizigo ipangwe, kila wa chini mfupi kuliko wa juu yake, ibanwe katikati kwa waya.