Paka Anapochuchumaa Bila Kukojoa

Mwaka jana tulimpoteza paka wa stoo, yule dume mnene aliyekuwa akituwindia panya katika magunia ya mahindi. Siku ya kwanza alionekana nyuma ya jiko akichuchumaa mchangani, akijikamua, akiondoka, kisha akirudi pale pale. Mpishi akasema, "Huyu amefunga choo," akamnywesha mafuta ya kupikia. Siku ya pili paka alilia na kujilamba chini ya mkia. Siku ya tatu alitapika, akalala kando ya kuni, na jioni tukamkuta amekufa.

Kumbe tumbo halikuwa na kosa! Daktari wa mifugo aliyekuja kutibu ng'ombe wa shule alipoisikia habari hiyo alitikisa kichwa, akatueleza kwamba dalili zote zilikuwa za kuziba mkojo.

Hebu tuanze na maumbile. Figo huchuja damu, mkojo hukusanyika katika kibofu, kisha hutoka nje kwa mrija. Mrija wa paka jike ni mfupi na mpana. Wa dume ni mrefu, tena huzidi kuwa mwembamba kuelekea mwisho. Ndiyo maana wanaoziba ni madume hasa. Kinachoziba huwa ni chembe ndogo kama mchanga zilizogandamana na ute, au kijiwe, au hata uvimbe na mkazo wa misuli tu. Mkojo usipotoka, uchafu hubaki katika damu, na madini ya potasiamu huzidi hadi yakavuruga mapigo ya moyo. Paka aliyeziba kabisa anaweza kufa kwa siku mbili au tatu. Basi usingoje kesho.

Utajuaje? Tazama mchanga: umelowa ama ni mkavu? Daktari naye hupapasa tumbo. Kibofu kilichoziba huwa kikubwa na kigumu kama chungwa. Paka ambaye hajaziba bali kibofu kinamwasha hukojoa matone matone, pengine yenye damu, na kibofu chake huwa kidogo. Wewe usijaribu kukikamua, kinaweza kupasuka! Baadaye mkojo hupimwa kwa hadubini, na eksirei huonyesha kama kuna mawe.

Jambo lililonishangaza mimi ni hili. Sisi tukisikia mkojo una damu, mara moja twafikiria viini na dawa za kuua viini. Kwa paka wa chini ya miaka 10, viini si sababu ya kawaida. Mara nyingi kibofu huvimba bila sababu inayoonekana, na hofu huchangia sana: paka mgeni, kuhamishwa, kelele za ujenzi. Kwa hiyo dawa hizo huenda zisimsaidie kitu.

Aliyeziba hutiwa usingizi, daktari akapitisha mpira mwembamba katika mrija na kuusafisha, huku paka akiongezwa maji mwilini kwa dripu. Nyumbani usithubutu kumpa Panadol ati kumpunguzia maumivu. Mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa hiyo, na kidonge kimoja chaweza kumuua.

Akipona, ugonjwa huweza kurudi, kwa hivyo kazi inayobaki ni maji. Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika, kimburu, mnyama aliyezoea nchi kavu. Figo zake hubana maji sana, na hata akiwa na kiu hanywi kama mbwa. Ukimlisha omena kavu kila siku, mkojo wake huwa mzito. Ichemshe omena, umpe pamoja na maji yake, bila chumvi wala kitunguu, maana kitunguu ni sumu kwake. Mawe nayo si ya aina moja: kuna yanayoyeyuka kwa chakula maalum, na kuna yale ya kalsiamu oksaleti ambayo hayayeyuki, hayo huhitaji kuondolewa na daktari, mara nyingi kwa upasuaji.

Stoo yetu sasa ina paka mwingine, dume pia. Ana karai lake la mchanga na sufuria mbili za maji, moja mbali na chakula. Anayelikagua karai hilo kila asubuhi kabla ya kuwasha moto wa uji ni mpishi yule yule.